Shimo ni Shimo

"Mjomba, sungura hachimbi."

Alisema bila kuinua kichwa, kidole kimekandamiza ukurasa kana kwamba sentensi ingemtoroka. Tulikuwa barazani kwa dada yangu, Tloma, pale mashamba ya Karatu yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Ilikuwa Julai. Saa nne ya asubuhi ilikuwa imeshapita na ukungu bado umelalia miti. Mahindi yalirundikwa uani yakingoja kupukuchuliwa, mbaazi zilikuwa zingali zimesimama shambani, na ule udongo mwekundu wa Karatu ulikuwa umeshapanda viatuni mwangu hadi kwenye soksi. Mpwa wangu ana miaka 11, yuko darasa la tano, na siku hiyo alikuwa amevaa sweta ya shule juu ya gauni la nyumbani kwa sababu ya baridi. Kitabu kilichokuwa mapajani mwake nilimpelekea mimi: Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Evertype mwaka 2015, pamoja na picha za John Tenniel zilizochorwa kwa ajili ya toleo la kwanza la Kiingereza la mwaka 1865.

Nilimjibu kama tunavyojibu sisi wakubwa tukikosa jibu. "Hiyo ni hadithi tu, mama."

"Najua ni hadithi," akasema. "Kuongea ni hadithi. Koti ni hadithi. Saa ni hadithi. Shimo ni shimo."

Nikanyamaza, maana alikuwa sahihi. Sungura wa porini kwetu hachimbi. Mchana hujilaza kwenye nyasi alizozibonyeza kwa mwili wake mwenyewe, masikio kayalaza mgongoni, na ukikaribia mno huchomoka miguuni pako ukaruka wewe badala yake. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi, kwa kuwa hawana handaki la kuwaficha. Anayechimba ni yule wa Ulaya, ambaye watoto wake huzaliwa uchi na vipofu chini ya ardhi. Waingereza wana majina mawili kwa wanyama hawa wawili. Sisi tumewatia kapu moja, na yule wa Ulaya tumemzoea kwenye vibanda vya kufugia. Kamusi za zamani zina neno kitungule, lakini sijapata kumsikia mtoto akilitamka, Karatu wala Arusha. Mfasiri akiandika "sungura", basi, neno linafika Tloma likiwa limebeba mnyama mwingine, na mtoto anayechunga mbuzi wa bibi yake kila likizo anamtambua mara moja kuwa si huyo.

Anayechimba, akanifahamisha, ni muhanga. Huyo hutoka usiku kutafuta mchwa, akichoka shimo lake analiacha, na wengine wanarithi: nungunungu, fisi, ngiri. Ngiri ndiye anayemvutia zaidi. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, ili meno yabaki yameelekea mlangoni. Anayemfuata anakutana nayo.

"Sasa huyu Alisi ameingia kichwakichwa," akasema. "Hajui ndani kuna nani. Hata ngiri ana akili kumzidi."

Mwandishi mwenyewe hakatai. Anasema pale pale kwamba Alisi alimfuata sungura bila kuwaza angetokaje. Nimekisoma kitabu hiki kwa Kiingereza tangu nikiwa chuoni, mara tatu au nne, na kila mara nilikipita hicho kifungu kama mzaha wa kupitia. Mpwa wangu alikisoma kama mtu anayesoma taarifa ya ajali.

Siku mbili baadaye alikuja na hoja nyingine, nzito zaidi. Baba yake alikuwa amerudi usiku kutoka safarini (ni dereva wa watalii, wiki nzima yuko njia ya Arusha, Karatu, Lango la Loduare, kreta, Serengeti, na kurudi) na tulikuwa tunakunywa chai. Mtoto akamwambia baba yake, si mimi: "Baba, kitabu cha mjomba kina sungura ambaye siyo Sungura."

Tukamwuliza ana maana gani. Akaeleza, na hapa naandika kwa kifupi maana yeye alieleza kwa urefu. Sungura wa hadithi anajulikana. Anamdanganya Fisi, anamdanganya Simba, anakunywa maji ya kisima alichokatazwa na kumwachia mwingine lawama. Sungura hamwogopi mtu. Huyu wa kitabuni anatetemeka, anatazama saa, anakimbia huku akilia kwamba amechelewa na kwamba yule bibi mkubwa atamkasirikia. "Sungura hachelewi," akasema. "Wanaochelewa ni wenzake."

Shemeji yangu alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi nilikuwa nahesabu. Kwa miaka mingi nimesoma maelezo ya wasomi kuhusu ugumu wa kukitafsiri kitabu hiki: mafumbo ya maneno, mashairi ya kejeli yanayodhihaki mashairi ambayo hakuna anayeyakumbuka tena, adabu za mezani za Waingereza wa karne ya 19. Sikumbuki aliyeniambia kwamba kwa msomaji wa Kiswahili tatizo linaanza kwa mnyama wa kwanza kutokea, kwa kuwa mnyama huyo anatufikia akiwa na wasifu wake tayari. Umevisha koti mhusika ambaye kila mtoto wa Afrika Mashariki anamjua tangu yuko mgongoni, kisha umemfanya mwoga. Ni kama kumleta Abunuwasi kwenye hadithi na kumfanya karani mtiifu wa kodi.

Na sungura ni mwenyeji wa siku nyingi kuliko sisi sote huku. Pale Laetoli, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, watafiti wa kikosi cha Mary Leakey walifukua katika miaka ya 1970 nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Dunia nzima imeziona picha za nyayo hizo. Kwenye majivu hayo hayo zimo nyayo za wanyama chungu nzima, na za jamii ya sungura ni tele. Hakuna dalili kwamba alikuwa amechelewa.

Nilimpa mpwa wangu kitabu kwa sababu nilitaka maoni yake, na nilijidai kwamba nataka maoni ya kweli. Tunapomwuliza mtoto maoni juu ya kitabu, mara nyingi tunachotaka ni shukrani. Tunauliza "Umekipenda?" kwa sauti ambayo jibu lake limo ndani yake. Au tunauliza lile swali la shuleni, linalokaa mwisho wa kila hadithi kama polisi wa barabarani kwenye kona: hadithi hii inatufundisha nini? Mtoto anajifunza haraka kwamba maoni ni kitu chenye jibu sahihi. Usiwe mvivu. Uwatii wazazi. Umoja ni nguvu. Akishaandika hivyo anapewa alama ya vema, na kitabu kinafungwa bila mtu kujua alichokiona humo.

Kuna watoto wachache katika historia ya vitabu walioulizwa wakasikilizwa, na mmoja wao alihusika na kitabu hiki hiki. Lewis Carroll, ambaye jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu pale Oxford, alikuwa ameiandika hadithi kwa mkono kwa ajili ya mtoto mmoja, Alice Liddell, na hakuwa na hakika kama iende kwa mchapishaji. Ikasomwa nyumbani kwa rafiki yake George MacDonald, mkewe akiwasomea watoto wao. Mmoja wao, Greville, mwenye miaka sita, akatamka kwamba laiti yangekuwapo majuzuu 60,000 ya kitabu hicho. Basi. Huo ndio uhakiki wote, na miongoni mwa mambo yaliyomtia moyo Carroll, huo ulikuwamo.

Mwingine alilipwa. Mwaka 1936 mchapishaji wa London, Stanley Unwin, alipelekewa hadithi ya kijitu mfupi mwenye miguu ya manyoya anayekaa (tazama jinsi mambo yanavyokutana) ndani ya shimo. Akampa mwanawe Rayner, wa miaka 10, aisome na kuandika ripoti kwa ujira wa shilingi moja. Rayner aliandika kwamba kitabu ni kizuri, kwamba kwa kuwa kina ramani hakihitaji picha, na kwamba kitawafaa watoto wa miaka mitano hadi tisa. Kilipotoka mwaka uliofuata, The Hobbit kilikuwa na ramani na picha pia, za mkono wa Tolkien mwenyewe. Kwa hiyo walimsikiliza nusu.

Nilimsimulia mpwa wangu kisa hiki nikidhani kitampa moyo. Alishika mambo mawili tu. La kwanza: "Yeye ana kumi, kitabu ni cha tano mpaka tisa. Kwa hiyo alikuwa anasema ni cha wadogo zake." Sikuwahi kuliona hilo, na sasa siwezi kuacha kuliona. La pili: shilingi moja inanunua nini? Nikamwambia siku hizi huioni hata ukiinua godoro. Akafikiri. Akasema yeye atafanya kwa elfu moja.

Tukakubaliana elfu moja, nusu mwanzo na nusu akimaliza.

Ripoti yake ilikuja vipande vipande, kwa siku tisa, na karibu yote ilihusu picha. Hilo lilinishangaza mwanzoni. Sisi tunaoandika huwa tunaziona picha kama sukari kwenye uji: zinamsaidia anayejifunza kusoma, akishaweza tunazipunguza, na kufikia darasa la tano tunamkabidhi kitabu kikavu kama cheti cha pongezi. Tunamwona anayependa picha kuwa bado ni mtoto mdogo. Alisi mwenyewe, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, anakichungulia kitabu cha dada yake, anakuta hakina picha wala mazungumzo, na anakiona hakina faida. Kitabu kizima kinaanza na maoni ya msomaji mdogo. Kisha anaondoka.

Mpwa wangu anazikagua picha kama karani wa mahakama anavyokagua ushahidi. Hili nililijua, na nililijua kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kijitabu cha watoto kuhusu mvulana anayeshuka kreta ya Ngorongoro kumtafuta ndama aliyepotea. Mchoraji, kijana hodari, alimpamba mvulana, akampamba ndama, na nyuma yao, kwenye sakafu ya kreta, akaweka twiga wawili wakila majani. Mimi niliyefika kreta nilizipitisha picha hizo. Mhariri alizipitisha. Kijitabu kilichapishwa, nikakipeleka Tloma kwa mbwembwe, na mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka minane, alifika ukurasa wa saba akakirudisha.

"Twiga hawashuki kule chini," akasema. "Baba anawaambia wageni kila siku."

Ni kweli. Kuta za kreta zina kina cha mita kama 600, na twiga, na miguu ile, hajajaaliwa kwa mteremko wa namna hiyo. Na huko chini migunga anayoipenda si mingi. Nyati wapo, faru wapo, tembo dume wazee wapo, simba wapo. Twiga hawapo. Mtoto huyu hajawahi kushuka kreta. Magari ya watalii yanapita barabarani tangu alfajiri, yamebeba watoto wa Ujerumani na Marekani wanaokwenda kuyaona kwa macho yao mambo anayosimuliwa yeye jioni na baba aliyechoka. Na bado ndiye aliyekikamata kijitabu changu. Ukurasa wa saba ulitosha. Hakuniamini tena ukurasa wa nane, na ndama hakupatikana, kwa upande wake, hadi leo.

Kwa hiyo nilimtazama kwa hofu kidogo alipokuwa akizikagua picha za Tenniel. Ziko 42. Tenniel alikuwa mchoraji wa katuni za siasa, mtu mzito na mwenye jicho kali, na toleo la kwanza la mwaka 1865, nakala 2,000, lilirudishwa kwa sababu yeye hakuridhika na jinsi picha zilivyotoka mtamboni. Carroll alikubali hasara ile. Nilipomwambia mpwa wangu, alitikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anayesikia habari za fundi mwenzake.

Picha aliyoipenda kuliko zote ni ile ya mchezo wa malkia. Kwenye mchezo huo marungu ni ndege heroe walio hai, na mipira ni kalunguyeye waliojikunja. Alisi amemshika heroe mmoja kwapani. Ndege amekunja shingo na kugeuka kumtazama usoni. Mpwa wangu aliikalia picha hiyo muda mrefu. Heroe anawajua: Ziwa Manyara liko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mwendo mfupi kwa gari, na darasa lao waliwahi kupelekwa. Walionekana kwa mbali kama ukanda wa pinki pembeni mwa maji, na kila walipojaribu kusogea, ukanda wote ulisogea. Kwamba mtoto amemkamata mmoja na kumtia kwapani, hilo halikumkera hata kidogo. Alichokitazama ni jicho la ndege.

"Huyu amekataa," akasema. "Tazama. Amekubali kubebwa lakini amekataa kuwa rungu."

Nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelihifadhi. Kwenye ule mswada wa kwanza wa mkono, ambao Carroll aliuchorea picha 37 yeye mwenyewe na kumzawadia Alice Liddell mwaka 1864, marungu hayakuwa heroe. Yalikuwa mbuni.

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akaanza kucheka, akainuka, akapanua mikono kumpima mbuni kutoka ardhini hadi juu ya kichwa chake na zaidi, akajaribu kumtia kwapani mbuni huyo asiyeonekana, akaanguka naye kwenye mahindi. Bibi yake akauliza kutoka jikoni kuna nini. "Mjomba anasema mtu alimbeba mbuni!"

"Basi akabadilisha," nikasema.

"Ndiyo," akajibu, akijipangusa. "Alikumbuka uzito."

Hapo nilielewa vizuri zaidi lile neno la siku ya kwanza. Mpwa wangu hana ugomvi na uongo. Ana vitabu vingine viwili vya picha vya John Kilaka, yule Mtanzania wa mtindo wa Tingatinga aliyetuzwa Bologna mwaka 2005, ambamo wanyama wamevaa nguo wakiendesha maisha yao kama watu wa kijijini, na hajawahi kumwuliza Kilaka panya amepata wapi shati. Shati ni la hadithi, yeye analipokea kama mgeni anavyopokea kigoda. Lakini kuna vitu ambavyo mtoto amevishika kwa mikono na kuvikanyaga kwa miguu: uzito, shimo, mteremko, tabia ya mbuzi. Hivyo ndivyo anavyoviingiza kwenye hadithi kama dhamana. Ukivichezea, umechezea mali yake.

Nilimwonyesha pia, kwenye simu, picha za tafsiri ya kwanza kabisa ya kitabu hiki kwa Kiswahili: Elisi katika Nchi ya Ajabu, kazi ya E. V. St Lo Conan-Davies, iliyochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1940. Mchoraji hajulikani kwa jina. Alifuata mtindo wa Tenniel, ila Elisi akamchora kuwa msichana wa Kiafrika. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa, na kwangu mimi bado ni kubwa: katika zama ambazo vitabu vilivyotufikia vilijaa watoto wa kizungu wenye mashavu mekundu, mtu alikaa chini akaamua kwamba anayeota ndoto hii anaweza kuwa na nywele kama za kwetu. Nilitegemea mpwa wangu afurahi. Nilikuwa nimeshaanza hata kuiandika kichwani furaha yake.

Alizikuza picha kwa vidole viwili, akazitazama moja moja.

"Wamembadilisha msichana," akasema. "Hawakumbadilisha sungura."

Sijui nilitegemea nini kingine. Tumezoea kudhani kwamba mtoto hujiona kitabuni kwa kufanana sura na mhusika, na ni kweli kwa kiasi. Asiyeona sura yake kabisa hufikia kuamini kwamba vitabu ni vya watu wengine. Lakini mpwa wangu alikuwa anatafuta kitu kilichozidi sura. Alitaka ardhi imjue. Angemkubali Alisi wa Tenniel, na nywele zake ndefu na soksi zake, laiti angeanguka kwenye shimo la muhanga.

Kuna mtu mmoja kitabuni aliyemchukia moja kwa moja. Ni yule bibi mkubwa mwenye kidevu chenye ncha, ambaye anatembea na Alisi bustanini, kidevu amekichomeka begani mwa mtoto, na kwa kila linalotajwa yeye analitafutia funzo. Haradali ina funzo. Kimya kina funzo. Mpwa wangu alinisomea kurasa hizo kwa sauti, akibana pua kuigiza sauti ya bibi huyo, na kila funzo lilipotajwa alinichoma begani kwa kidole. Alipomaliza akaninong'oneza, maana mwalimu wao mmoja anakaa nyumba ya tatu kutoka pale, kwamba anamfahamu mtu wa namna hiyo.

Aliyefungua mlango wa mwisho ni bibi yake mzaa baba. Yeye hasomi, na Kiswahili chake ni cha kukopa. Nyumbani huzungumza Kiiraqw na mtoto hutafsiri. Jioni moja aliuliza kitabu hiki kina nini hadi watu wanagaagaa kwenye mahindi. Mjukuu akamweleza kwa lugha yao, kwa mikono mingi. Nilishika neno moja moja tu. Nikamwona bibi anaacha kupukuchua.

Akasema, na mtoto akanigeuzia, kwamba wazee wao kule Mbulu walikaa chini ya ardhi. Nililijua jambo hili kwa kusoma: Wairaqw walichimba nyumba zao kwenye miinuko, paa likafunikwa udongo na kuwa sawa na mteremko, ili Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe wapite juu bila kujua kwamba chini kuna watu na mifugo. (Leo Mmasai na Mwiraqw wanagombania bei mnadani Karatu, na ugomvi unaishia hapo.) Lakini bibi hakuzungumza habari za vita. Alizungumza giza, joto la ng'ombe, moshi usiokuwa na njia, na vitu vilivyohifadhiwa kwenye kuta, kibuyu hiki hapa, chungu kile pale, vyote kama alivyosimuliwa na mama wa mama yake.

Mpwa wangu aligeuka kunitazama. Sote wawili tulikuwa tumekumbuka ukurasa mmoja. Alisi anapoanguka anaanguka polepole, na kuta za shimo lile zimejaa makabati na rafu, ramani na picha zimetundikwa, naye anachukua kopo kwenye rafu akipita. Mswada ule wa mkono, kabla ya kuitwa Nchi ya Ajabu, jina lake lilikuwa habari za Alisi chini ya ardhi.

Akakimbilia kitabu. Akafungua mwanzo, akarudi nyuma, akaenda mbele. Sungura na saa yake na mwavuli kwapani: yupo. Alisi anavuta pazia kwenye mlango mdogo: yupo. Alisi na chupa: yupo.

"Mjomba," akasema, "shimo lenyewe hawakulichora."

Nilikuwa na kitabu hicho miaka mingi na sikuwahi kugundua. Katika picha zote 42 za Tenniel, hakuna hata moja ya shimo. Kuanguka kote kule, kunakojulikana dunia nzima, kumeachwa kwenye maneno.

Alichora usiku huo kwa mwanga wa taa ya sola, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la hesabu, kwa hiyo miraba inaonekana nyuma ya kila kitu. Asubuhi alinikabidhi na kudai nusu ya pili ya malipo. Shimo limekatwa upande kama papai lililopasuliwa, ndani mnaonekana. Kwenye kuta kuna vibuyu na vyungu, ng'ombe mmoja, rafu yenye vitabu vitatu, na ramani ambayo nikiitazama vizuri ni barabara ya kutoka kwao hadi Karatu mjini. Alisi anashuka, gauni limefunguka kama mwavuli. Anashuka kinyumenyume, uso ameuelekeza juu, mlangoni, na kwapani kashika jembe. Sungura hayupo. Nilipomwuliza, alisema amelala kwenye nyasi, huko juu, nje ya karatasi.

Nimeibandika picha hiyo baina ya ukurasa wa sungura na ukurasa wa pazia, kwa gundi ya unga wa ngano aliyoipika dada yangu. Gundi ilikuwa nyingi. Kitabu sasa hakifungi vizuri.